Injini Ikipoa, Tunasoma

Barua yenu nimeipata, wajukuu zangu. Ilinikuta uani nikipaa sato, mikono imejaa magamba, nikamwomba aliyeileta anisomee kwa sauti. Mnataka nije Musoma niwaeleze jinsi sisi wa zamani tulivyojenga jumuiya ya waandishi, na mmenipa dakika kumi. Mmeambatanisha na ratiba. Kuna kuwasili kwa wageni, kuna utambulisho, kuna ngoma, kuna hotuba ya mgeni rasmi, kuna picha ya pamoja, kuna chakula. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeona aibu, mmeandika: "Waandishi kusoma kazi zao, kama muda utaruhusu."

Nilicheka mpaka sato akaniponyoka. Muda hautaruhusu. Nawaambia mapema msije mkakaa mnasubiri. Kuja sitakuja. Nawaandikia, maana kwenye karatasi hakuna mtu wa kunionyesha saa nikifika dakika ya kumi na moja.

Maneno yale ya herufi ndogo nayajua kwa sababu niliwahi kuyaandika mwenyewe, karibu hivyo hivyo. Nilikuwa msichana aliyetoka chuo cha ualimu, uhuru bado unanukia rangi mpya, nikapewa kutunza chumba cha kusomea pale mjini Musoma. Rafu mbili, meza moja ndefu, magazeti ya wiki iliyopita. Kazi yangu ilikuwa kupiga muhuri vitabu na kuwakataza watu kulala. Mkubwa wangu akasema tuwe na Siku ya Waandishi, nami nikaona sasa nimefika. Nikapamba ukumbi kwa matawi. Nikaazima viti vya mikono kwa ajili ya mstari wa mbele. Waandishi wenyewe niliwaweka nyuma kwenye mabenchi, karibu na mlango, wasije wakazuia njia ya wageni.

Mmoja wao alikuwa karani wa wavuvi kutoka Suguti. Shairi lake alikuwa amelikunja akalitia ndani ya kopo la chai lisilowe njiani. Mgeni rasmi alichelewa, na alipofika alizungumza mpaka jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine. Alizungumza juu ya pamba. Alizungumza juu ya vyoo. Alizungumza juu ya nidhamu, akalisifu shairi ambalo hakuna aliyekuwa amelisoma. Kisha harufu ya pilau ikaingia, na mkutano ukajifunga wenyewe.

Yule karani alinifuata kwenye sufuria. "Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "kwani sisi tunasomaga saa ngapi?"

Nikamwambia safari ijayo. Akalirudisha shairi kwenye kopo, akakaza kifuniko, akaenda. Sikumwona tena. Kwenye ripoti niliandika kwamba sherehe ilifana sana, na kweli ilifana, kwa waliokula.

Sasa ninyi mtasema bibi huyu ana kinyongo na wageni rasmi. Ninacho. Lakini nina kinyongo zaidi na sisi tunaowaita.

Baadaye siasa ya vijiji ilipopamba moto nilihamishiwa Kabasa, pale Bunda, kwenye elimu ya watu wazima. Nilipewa taipureta, mashine ya kudurufu, katoni ya stensili na chumba pembeni mwa ghala la pamba. Nikachora kibao kwa rangi nyekundu: CHUMBA CHA KUSOMA NA KUANDIKA. NYAMAZA. Nikakaa ndani nikisubiri watu. Nilisubiri wiki nzima, halafu nyingine. Nilikuwa nimewaalika wakulima waje kunyamaza, na wao walikuwa na mahali pengi pa kunyamazia bila kunifuata mimi. Msimu wa pamba ulipofika magunia yakajaa mpaka madirishani, nikawa nakaa juu yake na rejista yangu tupu kama kuku anayeatamia.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Abdala, fundi wa mashine ya kusaga iliyokuwa ng'ambo ya njia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyetokea upande wa Tabora, mama yake mtu wa hapo hapo Bunda, na yeye mwenyewe alikuwa mweupe mpaka kwenye kope kwa sababu ya unga. Alisoma kila kitu kilichokuwa na herufi: maelekezo ya injini, karatasi ya kufungia chumvi, tangazo la chanjo ya ng'ombe. Alisimama mlangoni akakitazama kibao changu.

"Nani amefariki?" akauliza.

Nikamweleza kwa Kiswahili cha chuoni kwamba maktaba ni mahali pa utulivu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, wanawake wanakaaga kwangu toka asubuhi wakisubiri zamu. Wamekaa tu. Na wewe huku umekaa tu. Katikati ni hii njia. Wao wana debe la mahindi kichwani, wewe una kalamu. Nani avuke?"

Hiyo ndiyo semina pekee niliyowahi kuhudhuria iliyonifaa. Nilibeba benchi siku hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni, maana haya ndiyo mliyoniomba, ingawa mlitaka yawe na maneno makubwa zaidi. Ile injini ilikuwa ya dizeli, kongwe, na ilichemka haraka. Kila baada ya muda Mzee Abdala aliizima, akabadilisha maji kwenye pipa la kupoozea, tukabaki na kimya ambacho masikio yalikishangaa. Kimya hicho ndicho kilikuwa chetu. Mwenye karatasi alisimama kando ya gunia lake akasoma. Ukurasa mmoja wa daftari, si zaidi. Asiyejua kuandika bado alisema, nami nikamwandikia, akajifunza kusoma maneno yake mwenyewe, na ninawahakikishia mtu hujifunza haraka sana maneno yake mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kuanza kwa kuomba radhi kwamba hajui kuandika. Injini ikipoa vya kutosha, Mzee Abdala alishika hendeli, na hapo hata ungekuwa nani ulimaliza sentensi yako ukakaa. Mpaka leo sijaona mwenyekiti wa kikao aliye bora kuliko ile injini. Haikumwogopa mtu wala haikutaka kupigwa picha.

Makosa tulifanya tele. Tulianzisha gazeti la ukutani, karatasi mbili za kudurufu, na Mzee Abdala akalipa jina la *Pumba*, kwa sababu alisema unga watu wanaondoka nao kwenda nyumbani, kinachobaki pale mashineni ni pumba. Toleo la kwanza nililibandika kwa gundi ya uji wa muhogo. Mbuzi walikuwa wasomaji wetu wa mwanzo. Walilimaliza lote kabla ya adhuhuri. Tangu hapo tukabandika juu, usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na wafupi wakasomewa. Na stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, kama kuna yeyote kati yenu atakayekutana nayo, usiigonge kwa hasira. Ukiipiga taipureta kwa papara ile herufi o inakatika inadondoka, na karatasi yako yote inatoka na matundu meusi kama iliyopigwa risasi za ndege.

Na msidhani walichoandika mwanzoni kilikuwa kizuri. Kilikuwa kibaya mno. Wote waliandika kusifu. Walidhani kuandika maana yake ndiyo hiyo, na walidhani hivyo kwa sababu ya watu kama mimi na matawi yangu ya ukumbini. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye shairi la kumkaribisha kiongozi, beti kumi na mbili, na kila kiongozi alipokuja alifuta jina la aliyetangulia akaandika la huyu. Karatasi ilikwisha kwa kufutwa, palitoboka pale penye jina, naye akaendelea kulisoma akisimama kidogo kwenye tundu. Ninapoona kazi zenu nyingine za siku hizi namkumbuka.

Aliyetutoa huko alikuwa mama mmoja aliyeitwa Nyangeta, mkulima wa pamba, mtu mzima kuliko mama yangu. Alihamishiwa Kabasa pamoja na wengine wengi kutoka vilimani. Alijifunza kuandika kwa chaki kwenye darasa la kisomo, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa, herufi zimesimama kama watu waliopanga foleni. Mchana mmoja injini ilipozimwa alisimama akasoma jinsi walivyohama. Sikuweka akiba ya maneno yote, lakini haya ninayo.

"Nilikuwaga na jiwe la kusagia la mama mkwe wangu. Lori likaja. Wakapakia mlango, wakapakia kuku. Wakaezua paa na ugali bado uko jikoni. Nikawaambia na jiwe. Wakasema jiwe ni zito, kijijini kuna mashine. Hatukuulizwa. Jiwe limebaki pale na kaburi la mume wangu, vinaangaliana."

Alikaa. Mzee Abdala alikuwa ameshashika hendeli lakini hakuizungusha. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitazama chini. Halafu mmoja wao akasema, "Rudia," naye akarudia, na siku hiyo unga ulichelewa na hakuna aliyelalamika. Kesho yake watu walianza kuandika. Wiki iliyofuata karatasi zilikuja ambazo hazikumsifu mtu yeyote: mtoto aliyekufa kwa surua, ng'ombe aliyeibwa akajirudia mwenyewe, ugomvi wa wake wenza juu ya shamba la mpakani. Walitoka mpaka Kiabakari, wanatembea na mahindi ambayo wangeweza kuyasaga karibu na kwao.

Ninyi mngeliita hilo jumuiya. Sisi hatukuliita kitu.

Na sasa niwaeleze nilivyoliharibu.

Tulipata habari kwamba afisa mmoja kutoka wilayani, Musoma, atapita kukagua elimu ya watu wazima, na kwamba amesikia juu ya gazeti letu. Wakati huo huo palikuwa na nafasi ya kwenda masomoni, na nafasi hiyo niliitaka kwa roho yangu yote. Nikaamua karatasi ya Mama Nyangeta iwe ukurasa wa mbele. Nilikaa na taipureta na nikaanza kuisafisha. Kwanza niliondoa kila -ga, kwa sababu nilifundishwa kwamba si Kiswahili. Nilikuwaga ikawa nilikuwa. Nikaona inapendeza. Halafu nikafika kwenye paa na ugali, nikasema sentensi hii ni ndefu, nikaikata, ingawa haikuwa ndefu. Halafu nikafika kwenye "Hatukuulizwa." Nilikaa na neno hilo muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na neno lolote. Kisha nikapiga: "Tulielimishwa."

Lilikuwa na herufi nyingi zaidi, na nilizigonga taratibu, kwa adabu, hakuna o iliyodondoka kwa kuwa haikuwamo.

Afisa alifika asubuhi na msafara. Tulikuwa tumefagia. Bwana wa beti kumi na mbili alisoma shairi lake, akasimama kwenye tundu, akaendelea. Afisa akaenda ukutani, mikono nyuma, akasoma *Pumba*. Jina hakulipenda, ila alipofika kwenye "Tulielimishwa" uso ulimfunguka.

"Huyu mama yuko wapi?" akauliza. "Aje atusomee mwenyewe."

Mama Nyangeta alijifunga khanga vizuri akaenda mbele. Hakuwa ameliona gazeti lile. Nilikuwa nimelibandika alfajiri. Aliweka kidole kwenye karatasi akaanza kusoma, polepole, mtu anayetambua nyumba yake lakini mlango umehamishwa. Alisita pale penye paa. Akaendelea. Akafika kwenye neno langu, akalisoma silabi moja moja, tu, li, e, li, mi, shwa, kidole kikaganda.

"Hili si langu," akasema.

"Vipi, mama?" afisa akauliza, bado akitabasamu.

"Niliandika hatukuulizwa. Aliyeandika hapa simjui."

Afisa akanigeukia. Hakuwa mtu wa kufoka, nataka nimtendee haki. Aliuliza tu, "Mwalimu, imekuwaje?"

Wajukuu zangu, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli mbele ya watu wote walioniamini na karatasi zao. Nikasema, "Stensili ilikosea."

Stensili. Kana kwamba kile kipande cha nta kiliamka chenyewe, kikafikiri hali ya siasa, kikachagua kitenzi kingine. Hakuna mtu pale aliyeniamini, hata yule afisa. Mzee Abdala alinitazama kama anavyotazama mahindi yenye mchanga, yatakayomharibia jiwe. Mama Nyangeta alitoa kidole chake ukutani, akakifuta kwenye khanga, akarudi kwenye foleni.

Agizo lilikuja kabla ya mwezi kwisha. Kila andiko lipitie ofisini kwanza, hakuna kubandika karatasi ukutani, hakuna kukutana bila kibali, mashine ya kusaga ni ya kusaga. Ukuta ukapakwa chokaa. Na mimi nikapata ile nafasi ya masomo. Nilirudi nikiwa na cheti, nikarudishwa Musoma, kwenye rafu mbili ambazo sasa zilikuwa sita, na kwa miaka mingi nikaendesha wiki za kusoma zenye mabango na wageni rasmi. Nilikuwa hodari sana. Mlizozirithi, ninyi mnaodhani mmezibuni, ni ratiba zangu.

Kabasa niliipita mara kwa mara nikiwa safarini, sikushuka. Nilijiambia hakuna kilichobaki. Inafariji kuamini kwamba ulichokiharibu kimekufa. Kinakuwa hakikudai kitu.

Kisha mwaka mmoja palikuwa na mkutano wa watu wa kisomo kule Butiama, siku tatu za hotuba juu ya umuhimu wa kuzungumza na wananchi. Ulipokwisha nilikwenda Bunda kumwona mgonjwa, na kwa kuwa alikuwa amelala nikatembea mpaka Kabasa. Niliisikia injini kutoka mbali. Nilipokaribia ikazimwa, na katika kile kimya nikasikia sauti ya mwanamke ikisoma.

Nilisimama kwenye njia. Walikuwa wako vile vile, madebe, magunia, foleni. Ukuta ulikuwa mweupe, hauna hata karatasi. Walisoma kutoka kwenye madaftari, wakimaliza wanayarudisha ndani ya unga. Walizuiwa kubandika, hawakubandika. Walizuiwa kukutana bila kibali, lakini hakuna aliyejua jinsi ya kuwazuia wanawake kusubiri unga. Hawakuwahi kuacha. Aliyekufa siku ile ya afisa nilikuwa mimi peke yangu, na hawakuwa na shida na pengo hilo.

Nikaingia nikiwa nimeshatunga kichwani maneno machache ya kuwapongeza. Mzee Abdala, sasa mweupe kwa unga na kwa mvi pia, alinyoosha mkono wa salamu.

"Karibu, Mwalimu. Umetuletea nini?"

"Nimekuja kuwasalimu tu, Mzee."

"Salamu tumepokea. Karatasi?"

Sikuwa nayo. Miaka yote ile ya kufundisha watu kuandika, kusahihisha watu, kuwakatia watu sentensi zao, sikuwa nimeandika hata ukurasa mmoja ulio wangu. Nilitaka kueleza kwamba mimi ni mratibu.

"Hapa hakuna wa kusikiliza tu," akasema, bila ukali. "Kaa. Zamu ikikufikia utatuambia kama unacho."

Mama Nyangeta alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alikuwa amezeeka sana. Alisogea kidogo anipe nafasi, hakunitazama. Injini ikawashwa. Nikaomba penseli na karatasi kwa jirani yangu, nikaandika juu ya goti, kelele imejaa masikioni na vumbi la unga linatua juu ya kila mstari. Niliandika kuhusu ile stensili.

Injini ilipozimwa nilisimama. Nilisoma jinsi karatasi ilivyoletwa, jinsi afisa alivyotarajiwa, jinsi neno lilivyobadilika, jinsi mama mmoja alivyoaibishwa mbele ya watu. Nilipomaliza, Mama Nyangeta ndiye aliyezungumza, akiitazama njia.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Ila umesema neno lilibadilika. Lilibadilikaga lenyewe?"

Nilitazama karatasi. Kweli ilikuwa imeandikwa hivyo. Hata pale, kwenye toba yangu mwenyewe, nilikuwa nimejificha nyuma ya kitenzi.

Nikakaa, nikafuta, nikaandika: Nililibadilisha mimi. Niliogopa, na nilitaka kwenda masomoni. Mkono uliniuma kana kwamba nilikuwa nachonga jiwe. Hakuna aliyeniharakisha.

"Sasa soma," akasema.

Nikasoma. Niliposhusha karatasi alikuwa amesimama, anajitwisha unga wake. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na haki ya kuuliza. Aliweka sawa kata ya kubebea mzigo kichwani, akapita mbele yangu, na alipofika njiani akasema, bila kugeuka, kwamba Jumanne wanaanzaga mapema, kwa sababu ya mnada.